Kiwanja cha Nesi Kule Baharini

Nesi hakuwa mtu wa kusema hongera. Mtoto akishatoka, akalia, akakatwa kitovu na kufutwa, Nesi alimkabidhi kwa bibi au shangazi yeyote aliyekuwa karibu, upesi upesi, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Kisha alimgeukia mama wa mtoto na kumwambia, "Haya, kazi imeisha. Kunywa uji." Wanawake wa kijiji chetu, huku milimani juu ya Same, waliuzoea ukavu wake. Walisema heri mkono mkavu wa Nesi kuliko mkono laini wa mtu asiyejua anachokifanya.

Mimi mwenyewe nilipitia katika mikono hiyo, na kila tulipokutana alinikumbusha.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Hicho kichwa chako kilimtesa mama yako. Siku hizi umeweka nini ndani?"

Nikiwa shule ya msingi nilimjibu kwamba nimeweka hesabu. Nilipoanza kazi ya kupiga picha mjini Same nikamjibu kwamba nimeweka picha. Alinikazia macho, akasema kichwa kikubwa namna ile kingetosha vyote viwili.

Jina alikuwa nalo, bila shaka limeandikwa kwenye kadi yake ya kanisa, ila hakuna aliyelitumia. Alikuwa Nesi alipokuwa kwenye zahanati yetu, akabaki Nesi baada ya kustaafu, na hata mchungaji kwenye matangazo ya Jumapili alisema tumwombee mgonjwa wetu Nesi. Ukimwita Bibi alikusahihisha. Bibi ni mtu mwenye wajukuu, alisema, na yeye wajukuu hakuwaona.

Watani wetu wanasema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunaudhika tukiambiwa hivyo, halafu tunamkumbuka Nesi, tunanyamaza. Jirani yake wa upande wa juu aliwahi kung'oa isale moja na kulipanda tena hatua kidogo kuelekea kwa Nesi. Isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani ambao kwetu ndio mpaka. Kamba inaoza na jiwe linaviringika, lakini isale likishapandwa mbele ya mashahidi, limepandwa. Nesi alikwenda baraza la kijiji, akatoka hapo akaenda la kata, akapanda na kushuka mlima kwa misimu miwili kwa ajili ya kipande cha ardhi kisichotosha hata kuanika mahindi. Akashinda. Isale likarudishwa, watu wakashuhudia, na msimu huohuo akamwita mke wa jirani yuleyule akamwambia apande maharage yake pale pale.

"Sasa kesi ilikuwa ya nini, Nesi?" watu walimwuliza.

"Kesi ilikuwa ya isale. Maharage hayana ugomvi na mtu."

Ndivyo alivyokuwa. Mkono wa birika kweli, sukari ya mgeni aliipima kwa ncha ya kijiko, na chai yake ya tangawizi ilikuwa kali ya kukutoa machozi. Lakini mzazi akiishiwa nguvu milimani huko, Nesi alifika kwake na kuku chini ya kwapa, akamchinja mwenyewe, akampika mwenyewe, na ole wako umshukuru. Alisema shukrani zinapoza mchuzi.

Kanisani hakukosa. Alikaa benchi lilelile upande wa wanawake, na mtu mwingine akilikalia alimsimamia mbele mpaka akasogea. Isipokuwa Jumapili za ubatizo. Jumapili hizo benchi lilikuwa tupu, na sisi tuliokuwa tukipanda kwenda ibadani na vitoto vilivyovalishwa nguo nyeupe tulikutana naye akishuka kwenda shambani na jembe begani, siku ya Bwana, katika kijiji cha Walutheri ambacho hata kufua Jumapili ni habari. Mama yangu alisema Nesi anawaleta watoto duniani, kuwapeleka kwa Mungu anaona si kazi yake. Tulicheka. Nikikumbuka kicheko kile naona aibu.

Kuna siku nyingine ambayo haijanitoka. Ilikuwa siku ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, tunazibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia, lililojaa tope. Nesi alikuwa mzee tayari, lakini alikuja na jembe lake kusimamia, maana aliamini bila yeye tope lingebaki. Binti mmoja akawa anapiga soga badala ya kubeba, Nesi akamkaripia mbele ya watu, neno moja juu ya jingine, mpaka binti akalia. Mama yake binti akatupa karai chini.

"Muache mwanangu! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wewe umezalisha tu, hukuzaa."

Kila mtu alisimama. Mimi nilikuwa nimeshika koleo, na nakiri nilisubiri kwa hamu, kwa sababu mdomo wa Nesi haukuwa na breki na tulijua yule mama ataaibishwa mpaka kizazi cha tatu. Nesi aliinama. Aliokota kijiti, akaanza kukwangua tope kwenye jembe lake, taratibu, mpaka chuma kikaonekana, kisha akalibeba akaenda nyumbani kabla ya kazi kwisha. Kesho yake yule mama alimpelekea makande ya kuomba radhi. Nesi aliyapokea, akala, akarudisha bakuli limeoshwa. Jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Sasa nije kwenye kiwanja.

Kabla ya kurudi kwao Nesi alikuwa amefanya kazi pwani kwa miaka mingi, zahanati ndogo ng'ambo ya Mto Pangani, mahali ambapo sisi wa milimani tulipasikia tu. Alirudi na sanduku la bati na habari kwamba ana kiwanja kule, kinachopakana na bahari yenyewe. Mwanamke, peke yake, mwenye kiwanja baharini! Tulilitafuna hilo jambo kwa miaka. Wapo waliosema kuna Mwarabu alimwachia. Wapo waliosema anasubiri wazungu wa hoteli, siku moja atatushangaza. Vijana walimtania njiani, "Nesi, lini unatupeleka kuogelea?" Naye aliwajibu waoge kwanza maji ya nyumbani, maana walikuwa wananuka.

Kila mwaka, maharage yakishavunwa, alishuka Same akapanda basi la Tanga, akarudi baada ya juma moja amepungua mwili na hataki maongezi. Ukimwuliza alikokwenda alikuambia, "Nilikwenda kuangalia mipaka." Kwa mtu aliyeshitaki kwa ajili ya isale moja, nani angeshangaa?

Halafu nyonga ikaanza kumsumbua. Kwanza akashika fimbo, mwaka uliofuata akashikwa mkono, mwishowe akawa mtu wa kiti barazani, blanketi magotini, akiwakosoa wapita njia. Safari za pwani zikakoma. Madaktari wa Moshi walisema nyonga inaweza kubadilishwa na atatembea tena, ila gharama yake si ya mauzo ya maharage. Mtoto wa kaka yake, ambaye analima kule Bendera na ndiye aliyekuwa akimtunza, alifikiri kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefikiri.

"Shangazi, kile kiwanja kinakaa bure. Tukiuze, upate mguu."

Nesi hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Tutaona." Mpwa wake akahesabu hiyo ni ndiyo, akampata dalali huko Tanga, na dalali akasema wanunuzi wa siku hizi hawaji kukanyaga, wanataka picha za kutoka juu. Ndipo mpwa akanijia mimi. Nina chumba changu cha picha karibu na stendi ya Same, na nina droni, kwa ajili ya harusi na viwanja. Vibali vyake vyote ninavyo, naomba nilitaje hilo kwa sababu huwa naulizwa.

Siku moja kabla ya kuondoka Nesi aliagiza niitwe. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba.

"Hicho kidude chako kinapanda juu sana?"

"Kinapita minazi mbali sana, Nesi."

"Na kushuka kinashuka?"

"Kinashuka hata chini ya magoti."

"Basi ukifika utaona masale. Nipigie picha ya masale. Bahari sina shida nayo, naijua."

"Nimekuelewa, Nesi. Mipaka."

Aliniangalia kwa muda, midomo imefunguka kidogo, kisha akavuta blanketi na kuniambia niende zangu, nisije nikachelewa gari.

Nilipita Hedaru, Mombo, Korogwe, nikashuka Muheza, nikapata gari la Pangani, nikavuka mto kwa kivuko, na mwisho bodaboda ikanipeleka kwa njia ya mchanga mpaka makalio yakafa ganzi. Kiwanja kilikuwa kizuri, sitaki kudanganya. Kimeinuka kidogo katikati, kina minazi michache pembeni, na chini yake ufuko mweupe usio na mtu. Dalali alikuwa ameshanipa masharti kwenye simu: nionyeshe bahari, usinionyeshe vibanda vya majirani, na kile kilima cha katikati kipige vizuri, maana nyumba ya mnunuzi itakaa hapo.

Nikazunguka kwanza kwa miguu kutafuta masale. Kwenye pembe nilikuta bikoni za saruji za wapimaji, zote zipo, lakini isale hata moja. Nikarusha droni. Ilipofika juu nikayaona kwenye skrini. Yalikuwa katikati ya kiwanja, juu ya kile kilima, masale manne, yamepandwa kwa umbo la mstatili mdogo, na mchanga uliokuwa ndani yake ulikuwa safi kabisa. Kiwanja kizima kilikuwa na magugu na vichaka virefu vya kunizibia macho, pale hapakuwa na hata jani.

Damu ilinichemka. Pwani nani anajua isale? Haya ni ya Nesi, aliyapanda mwenyewe mipakani, na mtu ameyang'oa akayasogeza mpaka katikati, na sasa anapalilia pake. Hiyo ndiyo hesabu iliyonijia, na sikuona nyingine. Nilikuwa nakwenda kuyaangalia kwa karibu, mara mwanamke mmoja akatokea kwenye minazi na fagio la chelewa mkononi.

"Hapo katikati vua viatu, mwanangu."

"Kwa nini nivue?"

"Ndivyo tulivyoachiwa."

Nikasema moyoni, ndio hao wavamizi, wanajifanya pana mizimu ili watu waogope. Nilivua viatu kwa heshima ya umri wake tu, nikasimama kati ya masale, nikayakagua kila upande, kisha nikarusha tena droni, nikaishusha taratibu juu yake kwa ajili ya ushahidi. Nikampigia simu mpwa wa Nesi kule Bendera. Naye akalipuka. "Tutawashitaki!" alisema. "Wasidhani shangazi hana watu!" Wapare wawili kwenye simu, kesi ilikuwa imeshafunguliwa kabla basi halijafika Korogwe.

Tulimkuta Nesi barazani, mimi na mpwa wake aliyepanda mlima siku hiyohiyo. Nikaweka kompyuta juu ya kigoda mbele yake. Nikamwonyesha bahari, akanipungia mkono nipite. Nikamwonyesha minazi na ufuko, akanipungia tena. Nilipofika kwenye masale akaushika ukingo wa kompyuta kwa mikono miwili.

"Nesi, pole sana," nikamwambia. "Umedhulumiwa. Wameyang'oa masale yako mipakani, wakayapanda katikati."

"Usihofu, shangazi," mpwa wake akadakia. "Nimeshaongea na mtu wa baraza la ardhi. Tutakwenda nao mpaka mwisho."

Nesi hakuondoa macho kwenye picha.

"Hayajahamishwa," akasema. "Nimeyapanda mimi."

"Katikati ya kiwanja, shangazi? Mpaka gani huo?"

"Siyo mpaka. Ni kaburi."

Wazee wetu walipanda masale makaburini pia. Hilo tunalijua wote, ila sisi wa sasa tunajengea vigae, tumebakiwa na isale la ugomvi tu. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Akatusimulia kwa sauti ileile ya kusema kunywa uji. Mtoto alizaliwa kwenye zahanati ile ya pwani. Nesi alikuwa peke yake zamu, kwa hiyo alijizalisha mwenyewe. Alikuwa wa kiume. Hakumaliza juma. Wenzake walimwambia ampeleke milimani akazikwe kwao, naye akawauliza ampeleke kwa nani, hajaolewa, na nyumbani hakuna aliyejua hata kwamba alikuwa mjamzito. Shoga yake mmoja jirani alimsaidia kuzika pale kilimani. Alipokuja likizo alichimba masale ya nyumbani kwao, akayafunga kwenye gunia bichi, akarudi nayo. Baadaye mwenye shamba akataka kulima eneo lote apande minazi.

"Nikamwambia aniuzie. Akaniuzia. Watu wananunua kiwanja wajenge. Mimi nilinunua wasilime."

Kwa mbali niliwasikia watu wakienda kuchota maji, wanacheka, na niliwaonea uchungu jinsi wasivyojua.

"Bado wanapafagia?" Nesi akaniuliza.

"Wanapafagia, Nesi. Pamekuwa peupe. Kuna mama alinivulisha viatu."

"Huyo ni binti wa shoga yangu. Mama yake alikufa."

Mpwa wake alikuwa ameinamisha kichwa. Ni mtu mwema, na kilichomuumiza siku ile ni kwamba wema wake ulikuwa umefika pabaya. Akasema polepole kwamba mnunuzi yupo tayari, anasubiri picha tu, na kwamba labda tunaweza kumtoa mtoto kwa utaratibu, kwa kibali, tukamleta nyumbani azikwe na wenzake. Kisha kiwanja kiuzwe, na shangazi apate mguu.

"Nyumbani hapa anamjua nani?" Nesi akasema. "Pale anafagiliwa na watu waliomwona. Hapa mtamchimbia shimo kwa ajili ya kunifurahisha mimi."

"Na mguu, shangazi? Utakaa kwenye kiti hiki mpaka lini?"

"Wewe unafikiri mguu nautaka niende wapi? Sokoni? Nilitaka nifike pale tena. Nikishapauza, mguu wa nini?"

Mpwa wake alimshika magoti, juu ya blanketi, akalia kama watu wazima wanavyolia, bila sauti. Nesi alimwacha alie. Baadaye akaniambia nifunge mashine yangu, mwanga wake unamchoma macho. Jioni ile nilimpigia dalali kwamba kiwanja hakiuzwi. Alinitukana, nami nikamwacha amalize.

Nesi hakutuambia tufiche, kwa hiyo hatukuficha. Kijiji kilipokea habari ile kwa aibu kubwa. Mama aliyemwambia maneno yale ndivani alikuja, akakaa naye barazani asubuhi nzima, akimchambulia maharage. Wazazi wengine wakaanza kumletea watoto awashike, wakidhani wanamfariji. Aliwakaripia kama kawaida. Mimi nilikuwa na hasira, na sikujua hasira hiyo niielekeze wapi. Miaka yote ile tulimtania kuhusu kuogelea, naye alipanda basi peke yake, akarudi peke yake, akatuacha tucheke.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa mwaka huu, mvua zikianza. Alikuwa hatoki tena hata barazani. Mpwa wake alikuwa amehamia juu amuuguze, akanifungulia mlango wa chumbani, akatuachia nafasi. Nilimwamkia, akaitikia kwa shida. Ile picha ya masale nilikuwa nimeisafisha na kuitia fremu, na ilikuwa imeegeshwa kwenye dirisha ili aione bila kugeuka sana.

"Picha yako ina kasoro," akaniambia.

"Kasoro gani, Nesi?"

"Imepigwa kutoka juu. Kutoka juu kila kitu kimelala chini. Naona majani tu." Akapumzika kidogo apate pumzi. "Wewe ulisimama pale. Mara ya mwisho kufika mimi yalikuwa yananifika begani. Sasa yamefika wapi?"

Nikainuka kwenye kigoda. Nikafikiri kwanza, kwa sababu sikutaka kumdanganya, nikajikumbuka nilivyosimama bila viatu kwenye mchanga ule nikitazama juu. Nikanyoosha mkono, nikaupandisha ukapita kichwa changu.

"Yamefika hapa, Nesi. Mimi yananipita."

"Usishushe."

Sikushusha. Alijigeuza juu ya mto, polepole, mpaka akauona mkono wangu vizuri. Akautazama kuanzia sakafuni kupanda juu, akaurudia tena. Bega lilianza kuniuma, nikavumilia.

"Baba yake naye alikuwa mrefu," akasema.